Toroli la Lugovsk

Lugovsk, 22 Februari 1921

Mdogo wangu Prokhor,

Mama anakusalimu na anasema umekonda. Hajakuona tangu mwaka juzi, lakini amekuota, na kwake hiyo inatosha. Magoti yanamsumbua, nusu ya viazi vya ghalani vimeganda, na paka amekufa. Buti zako za sufu nimempa Mama, usije ukaziuliza.

Sasa nisikilize. Mwezi ujao utakaa kwenye mkutano mkuu wa chama huko Moscow, na kadi ya ujumbe iliyo mfukoni mwako hukuiokota njiani. Tulikupa sisi wafumaji, ingawa hukuwepo, tumesimama katika ukumbi usio na moto, pumzi zetu zikitoka kama moshi. Tulikutuma kwa mambo mawili. Kiwanda kiendeshwe na kamati tunayoichagua wenyewe. Na upekuzi getini ukome.

Kurdyumov, yule aliyekuwa msaidizi wa meneja enzi za tajiri, sasa ni mkurugenzi wetu kwa amri ya kutoka juu, na jambo la kwanza alilofanya ni kufufua kibanda cha upekuzi. Kila jioni king'ora kikilia tunapanga foleni, na walinzi wanaingiza mikono chini ya sketi zetu kutafuta uzi. Mikono ile ile ya mwaka 1905! Tuligoma wiki sita na kula magome kwa sababu ya mikono hiyo, au umesahau? Jana Ustinya, mjane anayefuma kwenye mtambo ulio jirani na wangu, alimwambia mlinzi mmoja, "Tafuta vizuri, kijana, na wewe ulitokea sehemu kama hiyo." Foleni nzima ikaangua kicheko, mlinzi akawa mwekundu kama bendera. Lakini Ustinya alilia njia nzima kurudi nyumbani.

Siku ya kura, inua mkono pamoja na wanaosema tunayoyasema sisi. Halafu niandikie upesi, uniambie umeuinua upande gani.

Dada yako, Glafira

*

Petrograd, 18 Aprili 1921

Dada yangu mpenzi,

Nisamehe mwandiko huu, naandika kwa mkono wa kushoto. Mwezi uliopita baridi iliniuma nikiwa kazini, na daktari amenikata vidole viwili vya mkono wa kulia. Usimweleze Mama kwa namna ya kumtisha. Mwambie naendelea vizuri, napewa supu ya samaki kila siku, na nimempelekea kipande cha sukari. Najua ataiweka mbele ya picha za watakatifu badala ya kuila.

Kutoka mkutanoni kuna habari njema. Wakulima hawatanyang'anywa nafaka tena, watalipa kodi na kinachobaki watauza. Njaa itapungua. Chama kimeamua pia kwamba makundi ndani yake yavunjwe, kila mtu asivute kamba upande wake. Adui yuko kila mpakani, Dada. Nyumba inayoungua hamkai mkagombania nani ashike ndoo.

Kurdyumov anaijua mitambo. Mimi na wewe tunajua hotuba. Wavumilie wataalamu hawa miaka michache.

Kuhusu kura, mambo yale ni marefu, hayaenei katika barua.

Nduguyo, Prokhor

*

Lugovsk, 11 Mei 1921

Prokhor,

Mama ameiweka sukari mbele ya watakatifu, kama ulivyosema, na ameulizia vidole vyako mpaka nikamwambia. Akauliza, "Atashikaje kijiko?" Kwa hiyo jibu hilo kwanza.

Unayakumbuka mambo ya toroli? Nakukumbusha kwa sababu ninyi wa Moscow mnasahau upesi. Mwaka 1905 tulimvika msimamizi Kapiton gunia kichwani, tukamtia katika toroli la kubebea mkaa, tukamsukuma mpaka nje ya geti na kummwaga kwenye tope. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, na wewe ndiwe uliyelishika gunia. Mwaka juzi mlilipaka toroli lile rangi nyekundu, mkaliweka katika klabu ya kiwanda juu ya jukwaa, na wewe mwenyewe ukakata utepe na kulihutubia hadi ukatokwa machozi.

Basi Mei Mosi tulilitoa kwenye maandamano, limepambwa matawi ya msonobari. Kurdyumov akasimama kando yake, kofia mkononi, akawasifu akina mama mashujaa wa Lugovsk waliomtupa mnyonyaji nje. Tulipiga makofi. Nilipiga na mimi, mjinga mimi.

Kesho yake jioni walinzi wake walimvua Ustinya nguo kibandani, mlango wazi, wanaume wa chumba cha mashine wakipita. Wakapata kipande cha uzi kisichotosha kushona kifungo. Kurdyumov akamwambia, "Mwizi wa mali ya umma ni mbaya kuliko mwizi wa mali ya tajiri."

Ustinya akafunga vifungo vya gauni lake polepole. "Umma ni nani, bwana mkurugenzi?"

"Umma ni ninyi."

"Basi nimejiibia mwenyewe. Niache nikajiadhibu."

Akaondoka hadi klabu. Akapanda jukwaani na koti lake likiwa wazi, akateremsha toroli jekundu pamoja na matawi yake ya sherehe, akarudi nalo getini akiwa na gunia la mkaa begani. Hakuna aliyetoa amri. Wanawake walimzunguka Kurdyumov kama maziwa yanavyofurika sufuriani. Yeye akapiga kelele, "Hilo ni toroli la kumbukumbu!" Naapa ndivyo alivyosema. Na bibi mmoja akamjibu, "Ndiyo, bwana, tumekumbuka."

Niliyelisukuma ni mimi. Mwanachama tangu 1904, kadi ya chama kifuani. Tulimvika gunia, tukampeleka nyuma ya chumba cha rangi, tukammwaga kwenye bwawa la maji machafu. Siku hiyo walikuwa wanatia vitambaa rangi ya bluu. Alitoka majini bluu mpaka masikioni, na mpaka leo akitokwa jasho kola yake hugeuka bluu.

Cheka kama unataka. Mimi nimeacha. Baada ya siku tatu walikuja watu wenye bunduki, wakamchukua Ustinya peke yake, kwa kuwa yeye hana kadi. Mimi wameniacha kwa heshima ya jina lako, na heshima hiyo inanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Binti zake wawili wanalala kwa Mama. Yeye yuko katika gereza la mkoa, na watu wanasema atapelekwa kaskazini.

Mtoe. Unakaa mlango mmoja na wanaoweza kumtoa. Na uniambie uliinua mkono upande gani.

Glafira

*

Moscow, 7 Juni 1921

Dada,

Natumaini Mama ni mzima. Mwambie kijiko nakishika kwa kushoto, na sasa simwagi.

Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nilitaka kuichana. Unajua faili linasemaje? Kumshambulia mkurugenzi wa serikali, kusimamisha kazi wakati wa dhiki, kuharibu kumbukumbu ya mapinduzi, na mwisho kabisa njama. Wanatafuta nani aliyewatuma. Mtu aliyekaa mbali hawezi kuamini kwamba wanawake walifanya vile bila kutumwa. Mimi naamini, lakini imani yangu hapa haina mhuri.

Hukuwa unalisukuma toroli la 1905, Dada. Lile lilisukumwa dhidi ya tajiri. Sasa dola ni yetu. Anayempiga mkurugenzi wa dola ya wafanyakazi anawapiga wafanyakazi, hata kama mwenyewe ni mfumaji. Chama kinaona mbali kuliko geti la Lugovsk. Kikiachia kila kiwanda kujiamulia, baada ya mwaka mmoja majenerali watakuwa wanakunywa chai mezani kwako.

Msimu wa vuli utakuja usafishaji wa chama. Kila mwanachama atasimama mbele ya tume, na wewe pia. Nakuomba kama mdogo wako: andika maelezo kwamba tarehe mbili Mei jioni ulikuwa nyumbani unamuuguza Mama. Mama atathibitisha. Hakuna atakayeuliza zaidi, nimeshahakikisha.

Mengine niachie.

Prokhor

*

Lugovsk, 30 Juni 1921

Prosha,

Nimemsomea Mama ombi lako. Alikuwa anamenya vitunguu. Akasema, "Mwambie jioni hiyo nilikuwa nasafisha pipa la kabichi na binti yangu Glasha hakuwepo. Mimi nikidanganya, nitamwambia nini Mama wa Mungu asubuhi?" Unaona? Mwanamke asiyejua kusoma, anayewasha taa mbele ya ubao uliochorwa, amekataa kudanganya kwa ajili ya chama cha wasomi wa sayansi ya historia.

Barua yako ina mstari kuhusu kijiko, mistari kuhusu majenerali, na jina la Ustinya halimo. Hata mara moja. Nimelitafuta kama walinzi wanavyotafuta uzi.

Unaniambia chama ndicho tabaka la wafanyakazi. Halafu kamati kuu ndiyo chama. Na anayekaa ofisi ya jirani na kamati kuu anaona mbali kuliko mimi. Hongera, mdogo wangu! Basi tabaka la wafanyakazi la Urusi lina vidole vinane na linaandika kwa kushoto.

Nani alikufundisha kusoma? Marx wetu tulimficha ndani ya pipa la kabichi, polisi wasimwone, na hadi leo nikisikia harufu ya kabichi iliyochacha naona kurasa zile. Ulisoma kwa kidole, neno kwa neno, na kidole chenyewe nadhani ni kimojawapo cha hivyo walivyokata. Kurasa zile zilisema kwamba ukombozi wa wafanyakazi utakuwa kazi ya wafanyakazi wenyewe. Hazikusema itakuwa kazi ya Kurdyumov wakati wafanyakazi wamepanua miguu kwenye foleni. Kama ulisoma ukurasa mwingine, nitumie.

Dola ni yetu, unasema. Basi niambie kwa nini wa kupekuliwa ni mwenye mali, na wa kupekua ni mtumishi wake. Nijibu hilo tu na nitanyamaza.

Na sasa kuhusu kura. Jumapili alikuja Terenty, mhunzi wa kiwanda, mliyekwenda naye mkutanoni. Nikamuuliza, "Prokhor wetu aliinua mkono upande gani?"

Mzee akashangaa. "Hakukwambia? Hakupiga kura yoyote, hakuwepo. Walipouliza nani atavuka barafu ya bahari kwenda kupigana na mabaharia walioasi kule kisiwani karibu na Petrograd, mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Nikasema, lo, jasiri huyu."

Jasiri! Mimi nimekulea. Kila mara mimi na Baba tulipogombana na ukaambiwa useme nani ana haki, ulikwenda nje kupasua kuni. Tulikuwa na kuni nyingi kuliko nyumba yoyote mtaani. Safari hii ulitoroka kura, ukaenda kupasua watu. Na Terenty ameniambia walikuwa wanadai nini, hao mabaharia. Uchaguzi huru wa mabaraza. Mfanyakazi aruhusiwe kusema. Karibu ni yale yale tuliyokutia mfukoni, Prosha. Ulivuka barafu na kuwapiga risasi watu waliokuwa na ujumbe wetu, ukiwa na ujumbe wetu.

Mama hajui. Anadhani uliumwa na baridi ukipanga magogo.

Mtoe Ustinya. Sitaandika tena mpaka uandike jina lake.

G.

*

Lugovsk, 9 Oktoba 1921

Prokhor,

Nilisema sitaandika, na wewe ukanyamaza majira mazima ya joto, kwa hiyo mmoja wetu lazima avunje neno lake. Mama alipata homa mbaya Agosti, sasa anakaa kitandani na kugombana na watu, ndiyo dalili kwamba amepona. Binti za Ustinya wamejifunza kusuka mikeka ya magome. Mkubwa haulizi tena mama yake atarudi lini.

Jana tumesafishwa.

Ilifanyika ukumbini, meza yenye kitambaa chekundu, watu watatu wa tume kutoka mjini, na wote wasio wanachama wakaruhusiwa kuingia na kusema. Hilo nawasifu. Niliweka kadi mezani nikaeleza maisha yangu: mfumaji, binti wa mfumaji, jela mara mbili enzi za mfalme. Mwenyekiti, mwembamba, kikohozi kibaya, akafungua karatasi zake.

"Tarehe mbili Mei jioni ulikuwa kwa mama yako mgonjwa?"

"Hapana. Nilikuwa nyuma ya toroli."

Kicheko. Akagonga meza. "Ulikuwa na nani?"

"Na gurudumu."

"Raia, usifanye mzaha!"

"Unataka majina? Waangalie hao ukumbini. Andika wote."

Akageukia ukumbi, akauliza nani ana neno dhidi yangu. Halafu akasimama bibi Malanya, yule anayefagia vumbi la pamba, asiye na kadi wala meno. "Mimi ninalo." Nikashtuka. "Alisukuma vibaya. Alipita kwenye matuta. Mkurugenzi wa watu angeweza kuanguka kabla ya kufika bwawani."

Ukumbi ukapasuka. Hata katibu wa tume aliinamisha kichwa kuficha meno. Mwenyekiti alingoja watu wanyamaze, akaniuliza kwa sauti ya chini, karibu ya huruma, "Unajuta?"

Nikamwambia najuta jambo moja. Gurudumu lile lililia njia nzima. Miaka miwili mmelipaka rangi na kulipamba, mmelihutubia, na hakuna hata mmoja wenu aliyelipaka mafuta.

Wamechukua kadi. Miaka kumi na saba, Prosha. Niliificha katika kiatu, katika unga, katika kitanda cha Mama, polisi wa mfalme hawakuipata. Hawa waliipata kwa sababu niliiweka mezani mwenyewe.

Nikawaambia: sawa, aliyesukuma ni mimi, nifungeni mimi, mwachieni Ustinya aliyeleta toroli tu. Mwenyekiti akafunga faili. "Shauri la Ustinya haliko kwetu. Liko Moscow tangu Juni." Akataja ofisi. Akataja na nani anakaa humo.

Tangu Juni liko mezani kwako. Tangu Juni!

Safari hii hakuna kuni za kupasua. Huna barafu ya kukimbilia. Iko karatasi na uko wewe.

Glafira

*

Moscow, 24 Novemba 1921

Dada Glafira,

Mpe Mama salamu. Kifua changu kimekuwa kibovu kidogo, si jambo la kumwambia.

Ustinya Karpovna Lazutina ameachiwa. Atafika kwenu kabla ya barua hii, kama treni zinatembea.

Usiniulize ilikuwaje. Niliingia kwa watu ambao mtu haingii bila kuitwa, nikasema mambo niliyopaswa kuyasema mwezi Machi. Sipo tena katika ofisi ile. Nimepangiwa kazi nyingine, na nadhani waliopanga walicheka walipokuwa wanapanga: Kurdyumov anahamishwa, na mkurugenzi wa kiwanda cha Lugovsk ni mimi.

Nakuambia mapema usije ukasikia kwa wengine: kibanda cha upekuzi kitabaki kwa sasa. Amri hiyo si yangu kuifuta. Na uzi unaibwa, Dada, unajua kwamba unaibwa, watu wanaubadilisha kwa viazi. Nitajaribu wawekwe wanawake wa kupekua badala ya wanaume. Nipeni muda.

Kuhusu barafu. Mmoja wao alipiga kelele, na alikuwa na lafudhi ya kwetu. Basi.

Nitafika katikati ya Desemba. Sijui kama utakuja stesheni.

Prokhor

*

Lugovsk, 5 Desemba 1921

Mdogo wangu,

Nitakuja stesheni. Mama amevua zile buti zako za sufu na kuziweka juu ya jiko zipate joto, anasema mtu aliyepoteza vidole vya mkono asipoteze na vya miguu. Amechachusha kabichi ya kutosha kulisha jeshi. Kifua chako nimemwambia, kwa hiyo jiandae kupakwa mafuta ya bata.

Ustinya amefika. Wamemnyoa nywele, meno mawili hayapo, na binti yake mdogo alijificha nyuma ya jiko hakumtambua. Jioni ya pili ndipo akamkaribia. Akaniuliza nani aliyemtoa. Nikasema, mtu mmoja mwenye vidole vinane. Akafikiri kidogo. "Mwambie ahsante." Akafikiri tena. "Mwambie pia nilikaa humo tangu Mei."

Nimekwambia.

Nimekusoma, Prosha, na najua barua ile fupi imekugharimu nini. Nakupenda kama nilivyokupenda ulipokuwa unasoma kwa kidole. Utakula mezani petu, utalala kitandani kwako, na hakuna atakayekutukana nyumbani kwa Mama. Lakini muda hatuna wa kukupa. Tuliutoa wote mwaka 1905, na tukautoa tena 1917. Ukiwaweka wanawake kutupekua, mikono itakuwa laini zaidi na aibu itakuwa ile ile. Asubuhi yako ya kwanza utapita getini kabla ya king'ora. Kibanda ni cha mbao, na Terenty amesema atakuazima shoka. Kupasua mbao unajua.

Kama jioni hiyo kibanda bado kimesimama, ujue haya. Toroli wamelirudisha klabu na kulifunga mnyororo. Mnyororo aliufua Terenty, na ufunguo anao yeye. Juzi tulikwenda, mimi na Malanya na Ustinya, tukalipaka gurudumu mafuta ya bata yaliyobaki. Halilii tena. Ustinya ameshona gunia jipya, si la mkaa, la kitambaa safi tulichofuma sisi wenyewe, ili lisimkohoze mtu mwenye kifua kibovu.

Nitasukuma mimi mwenyewe, mdogo wangu. Na safari hii nitakwepa matuta.

Dada yako,
Glafira